Shanga za Lukasa na Kalamu ya Mwanafunzi

Katika nchi ya Waluba, ambayo mji wa Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umo ndani yake, upo ubao mdogo wa mti wenye kuenea mkononi, mwembamba kiunoni na mpana ncha zote mbili, uliopambwa kwa shanga, simbi na nakshi za kuchonga, nao huitwa lukasa. Asiyeujua hudhani ni pambo la ukutani. Lakini mjuzi wa chama cha Mbudye, aliyekabidhiwa elimu hiyo daraja baada ya daraja, huushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha kulia juu ya shanga, na kila shanga iguswapo humkumbusha mfalme, au safari, au mahali patakatifu, naye akasimulia. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, waliotoa kitabu kikubwa juu ya sanaa na kumbukumbu za Waluba mwaka 1996, wameonyesha jambo ambalo mwalimu wa insha angefaa kulihifadhi moyoni: ubao ni ule ule na shanga ni zile zile, lakini usimulizi hubadilika kwa kadiri ya msimulizi, hadhara iliyopo na haja ya siku.

Nimetanguliza lukasa kwa sababu wapo wadhanio kwamba kumfundisha kijana wa Kamina kutunga hadithi na kuandika habari za kweli ni kumletea bidhaa ya ugenini, ilhali babu zake walikuwa na shanga, yaani mambo yasiyobadilishwa, na walikuwa na usimulizi, yaani ufundi wa kuyapa mambo hayo roho. Na mwalimu akiyafahamu mawili haya amekwisha kulifahamu somo zima.

Tutazame hali ya mwanafunzi mwenyewe. Kijana aliyefika madarasa ya juu ya sekondari, yaitwayo humanités, huzungumza Kiluba kwao, Kiswahili sokoni na njiani, na darasani husoma kwa Kifaransa. Aghalabu vitabu ni vichache, kwa hiyo mwalimu husoma maelezo kwa sauti au kuyaandika ubaoni, na wanafunzi huyanakili katika kaye zao, yaani daftari, neno kwa neno, saa baada ya saa. Mbele yao umesimama mtihani wa dola, Examen d'État, ambao kabla ya siku zake za maswali ya kuchagua jibu humtaka mtahiniwa aandike insha kwa Kifaransa, yenye utangulizi, ufafanuzi na hitimisho. Silaumu insha hiyo. Mpango wake ni mzuri, na kijana asiyeweza kuipanga hoja yake atapata taabu maishani. Lakini pale ambapo miaka mingi ya maandiko huelekezwa kwenye mlango huo mmoja tu, mwanafunzi huzoea kuandika juu ya amani, maendeleo na wajibu wa vijana kwa maneno aliyoazima, asiseme hata mara moja nini alichokiona yeye kwa macho yake alipovuka reli asubuhi ile akienda masomo. Huandika kama mtu asiyezaliwa mahali popote.

Lugha ya Kiswahili ina neno moja ambalo, likizingatiwa, lafungua somo hili vizuri kuliko fasili nyingi za vitabuni. Neno hilo ni hadithi. Kisa cha sungura na fisi ni hadithi. Na habari iliyopokewa kwa Mtume, yenye isnadi ya wapokezi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijulikana kwa jina na kupimwa kwa uaminifu wake, hiyo nayo ni hadithi. Lafudhi ni moja, bali ahadi ni mbili. Mwenye kusimulia ya sungura hakutuahidi kwamba sungura alisema kweli maneno yale, nasi hatumdai shahidi. Mwenye kuleta ya pili ametuahidi kwamba jambo lilikuwa, na akiongeza chumvi hata kidogo amevunja amana. Mwanafunzi afundishwe ahadi hizi kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote, kwani kosa kubwa la mwandishi mchanga si lugha mbovu, ni kuchanganya ahadi: akiandika wasifu wa bibi yake, humbunia maneno asiyoyasema ili habari ipendeze, na akitunga hadithi hujifunga kamba kwa yale yaliyotokea tu, akitoa udhuru kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Nyumbani kwao Waluba upo mfano bora wa kuzungumzia haya, nao ni simulizi kuu ya asili ya ufalme: Nkongolo Mwamba, mtawala mkatili ambaye jina lake lahusishwa na upinde wa mvua, Mbidi Kiluwe, mwindaji wa kifalme aliyetoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga, aliyemshinda Nkongolo na kuanzisha nasaba mpya. Luc de Heusch, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, aliisoma simulizi hiyo kama fumbo linaloeleza maana ya ufalme, si taarifa ya mambo yaliyopita. Thomas Reefe, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliipekua kwa hadhari akitafuta ni kiasi gani cha historia kinachoweza kupatikana ndani yake. Darasa la vijana waliosikia majina haya tangu utotoni laweza kukaa vipindi viwili likijadili swali hilo, na sijui swali lingine liwezalo kumwonyesha kijana kwa wepesi namna hii kwamba uongo na utunzi ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba jambo lisilothibitika laweza bado kubeba hekima ya watu.

Baada ya mazungumzo huja kazi ya mkono, nami ningeianzisha kwenye kituo cha treni. Kamina ni mji wa reli. Njia iliyotoka Bukama kuelekea Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilikamilika mwaka 1928, na mwaka 1956 likaungwa tawi la Kabalo, hata Kamina ikawa njia panda ya Katanga, Kasai na upande wa Ziwa Tanganyika. Na mpaka leo maisha ya familia nyingi yamefungamana na shirika la reli, SNCC, na kungojea treni. Basi mwanafunzi aende kituoni na kaye yake, akae muda wa saa moja, aandike katika fungu moja aliyoyaona, katika fungu la pili aliyoyasikia na kwa nani, na katika fungu la tatu anayoyadhani. Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini ndiyo ngumu kupita zote. Mwenye kuandika kwamba mama mmoja alikuwa na huzuni ataulizwa umeijuaje huzuni yake, naye atarudi kwenye kumbukumbu na kupata kwamba alichokiona hasa ni mama aliyefungua kitambaa chake, akahesabu pesa, akakifunga tena, akakifungua mara ya pili. Hapo huzuni itaondoka katika fungu la dhana iende zake, na kitambaa kitabaki. Na msomaji ataihisi huzuni ile pasipo kuambiwa.

Kisha amtafute mzee aliyepata kufanya kazi ya reli, amwamkie kwa adabu, amwombe ruhusa, na amwulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo wala la. Badala ya kuuliza je, kazi ilikuwa ngumu, na aulize: baba, siku ya kwanza uliyoingia kazini ulivaa nini, na nani alikupokea? Kumbukumbu za wazee hulala ndani ya vitu vidogo, kama zilivyolala katika shanga za lukasa, na anayeuliza juu ya mambo makubwa peke yake hujibiwa kwa maneno ya hotuba.

Wiki ifuatayo kituo kile kile, mama yule yule, kitambaa kile kile, huwa mali ya hadithi. Sasa mwanafunzi ana ruhusa ya kubuni, na mwalimu amwambie abadilishe jambo moja tu. Mathalani pesa za mama hazitoshi nauli, na kijana mwenye kinga, yaani baisikeli kwa msemo wa Katanga, amesimama karibu naye akimdai deni la zamani. Watafanya nini? Katika kubuni, uhuru hauondoi sheria. Mtu wa hadithi akishapewa tabia hana budi kuifuata, na mtunzi akimtajirisha ghafla kwa almasi iliyookotwa njiani, wenzake darasani watakataa kuamini. Vijana wa miaka kumi na sita ni mahakimu wakali wa jambo hili, wakali kuliko sisi watu wazima, na ndiyo sababu rasimu zisomwe kwa sauti mbele ya darasa. Shaaban Robert aliyeiandika *Kusadikika*, nchi iliyobuniwa, ndiye yule yule aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyeishi kweli. Mwenye vitabu viwili hivi mkononi ana shule ya ahadi zote mbili kutoka kwa mwandishi mmoja.

Limebaki suala la lugha, nami siwezi kulipita haraka. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai kiitwacho Tshiluba, lakini katika sekondari Kifaransa ndicho kitawalacho kalamu. Wapo wazazi waonao kwamba kuandika kwa Kiswahili ni kupoteza wakati, hasa kile cha Katanga ambacho watu wa pwani hukikosoa. Hao nawakumbusha habari ya kitabu kimoja. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya watu waliopata kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Katanga, ikapigwa chapa kwa mashine ndogo bila msaada wa chuo wala mchapishaji. Mipaka ya maneno haikufuatwa, nukta zilikuwa haba, na Johannes Fabian, aliyeitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990, aliona ni sharti isomwe kwa sauti ili ieleweke, na kazi hiyo akaifanya Kalundi Mango, mwana wa Katanga. Maandiko yaliyoonekana vurugu machoni yakawa wazi yalipofika masikioni, kwa kuwa aliyeyaandika aliandika jinsi watu wasemavyo. Leo yeyote anayetaka kujua ukoloni ulivyoonekana kutoka jikoni na uani hana budi kukipitia kitabu kile cha watumishi.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba rasimu ya kwanza iandikwe kwa lugha ambayo jambo lenyewe lilisemwa, iwe Kiluba au Kiswahili, na Kifaransa kije katika rasimu ya pili, wakati kijana amekwisha kujua anachotaka kusema. Mtihani wa dola hautadhurika kwa hilo. Mwenye kitu cha kusema huutafuta msamiati kwa bidii, na asiye nacho huukariri. Mwalimu atauliza ataliwezaje hili mwenye darasa lililojaa na vipindi vichache, na swali lake ni la haki. Naona apunguze wino mwekundu. Si lazima kila kosa lisahihishwe katika kila karatasi. Achague jambo moja, kwa mfano ahadi haikuvunjwa, au kila dhana imegeuzwa kuwa kitu kinachoonekana, alipime hilo peke yake, na mengine wanafunzi waamuane wawili wawili. Wanafunzi wa ualimu katika Chuo Kikuu cha Kamina wangeweza kuzoezwa kazi hii kabla hawajapewa darasa.

Habari ikiisha kuandikwa, mwanafunzi airudishe kwa yule mzee wa reli, aketi, amsomee yote pole pole. Mzee atamkatiza. Atasema la, mwanangu, siku hiyo sikuvaa viatu, nilipewa mwezi wa pili. Na kijana atatoa kalamu, afute viatu, aandike miguu mitupu, kisha aendelee kusoma mpaka mzee anyamaze.