Bili ya biriani iliyoenda kwa duka la vipuri

Ijumaa iliyopita watatu kati yetu tulikuwa Nakuru kikazi, na njaa ikatupeleka hoteli moja ya Kihindi pale mjini. Tukaagiza biriani ya mbuzi, dengu, naan za kitunguu saumu na chai ya masala. Chakula hiki si kigeni kwetu vile wengi hudhani. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa Nakuru, na ilijengwa na maelfu ya vibarua kutoka India. Leo bonde lote hili, Naivasha hadi Molo, utakosaje chapati?

Shida ilianza kwa bili: shilingi 3,150. Nambari ya till ilikuwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa mezani, na mchuzi ulikuwa umeifuta kidogo. Mwenzetu akasoma 3 ikawa 8. Simu ikamwonyesha jina la duka la vipuri vya magari. Aliliona kabisa, lakini bado akaweka nambari ya siri. Alidhani ni kampuni ya mwenye hoteli, kwa sababu till nyingi husajiliwa kwa jina tofauti na lile la bango la nje, na sote tumeshazoea.

"Madam, kwangu haijaingia," keshia akasema. Meseji tunayo, pesa hana. Ikabidi mwingine alipe tena. Aibu ilioje, na hii ndiyo kazi yetu!

Kwa hivyo jina likikutia shaka, uliza kwanza: "Till yenu inaleta jina gani?" Na weita akikuambia till imekataa, umtumie kwa simu yake, nenda kwa keshia. Ukituma kwa simu ya mtu, unakatwa ada ya kutuma, na hoteli haina rekodi kwamba umelipa.

Ukishakosea, usifute meseji. Tupigie ukiwa bado mezani, utusomee nambari ya muamala. Tukiwahi pesa kabla haijatumika, ni rahisi kuzungumza na aliyeipokea. Ikishatumika, hapo sasa ni hadithi ndefu.

Sisi tulibahatika. Mwenye vipuri alikubali, na pesa ikarudi Jumamosi asubuhi. Naan zilizobaki tulikuwa tumeshazimaliza kwa gari, hata Gilgil hatujafika.