Asilimia 13.5: Nambari inayoamua safari ya mahindi kutoka Nakivale

MBARARA. Mahindi mengi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hupitia Mbarara kabla ya kushika njia ya Kampala, Katuna au Mutukula. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongomani, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kimekuwa lugha ya sokoni. Bei ya kilo moja husemwa wazi mbele ya mizani. Kisichoonekana kwa macho ni kiasi cha maji kinachonunuliwa pamoja na punje.

Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nambari hizi mbili zinahusiana, kwa kuwa kuvu hustawi kwenye punje zenye maji.

Hasara huanza mfukoni. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 18 za maji na kilo 82 za mahindi makavu. Likikaushwa hadi asilimia 13.5, hubaki kilo 94.8 hivi. Aliyenunua magunia 100 ya namna hiyo atapoteza karibu kilo 520, yaani magunia matano na ushei, bila mwizi kuingia ghalani.

Maabara hupima unyevu kwa njia ya tanuri. Sampuli husagwa, hupimwa uzito, kisha huwekwa kwenye joto la nyuzi 130 hadi 133 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Ikitoka, hupoozwa ndani ya chombo kilichofungwa ili isifyonze unyevu wa hewa, na kupimwa tena. Gramu 10 zikibaki gramu 8.4, maji yalikuwa gramu 1.6, sawa na asilimia 16. Punje nzima nazo zinaweza kukaushwa kwa nyuzi 103, lakini mahindi huhitaji saa 72. Hakuna dereva wa lori atakayesubiri siku tatu.

Ndiyo maana ghalani na mpakani hutumika kipima unyevu cha mkononi. Kifaa hiki hakitoi maji. Hupima jinsi punje zinavyopitisha au kuhifadhi umeme, kisha hukadiria unyevu. Jibu huja kwa dakika moja, ila usahihi wake hutegemea mambo matatu. Kwanza, kiwe kimewekwa kwenye zao husika, maana mahindi si maharage. Pili, punje zisiwe za moto kutoka juani, kwani joto hubadili usomaji. Tatu, kilinganishwe mara kwa mara na matokeo ya tanuri. Vipima viwili vinavyotofautiana kwa asilimia moja vinaweza kuzua ugomvi, na kila upande ukaamini unadanganywa.

Sampuli nayo huleta makosa. Bambo likichomwa kwenye magunia ya mlangoni tu, yaliyo katikati ya shehena hayajulikani. Inafaa kuchoma magunia mengi, juu, kati na chini, kuchanganya punje hizo vizuri, kisha kupima mara tatu na kuchukua wastani.

Mkulima asiye na kifaa anaweza kutumia chumvi. Chumvi kavu na mahindi hutiwa ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, hutikiswa kwa dakika chache, kisha huachwa kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, mahindi yako chini ya hapo, lakini hiyo bado si hakikisho la 13.5.

Mbolea haifuati kanuni hiyohiyo. Urea huyeyuka kwa nyuzi zipatazo 133, na baadhi ya mbolea zikichomwa hutoa amonia, hivyo uzito unaopotea si wa maji peke yake. Maabara hutumia joto dogo ndani ya ombwe, au njia ya Karl Fischer, mkemia wa Ujerumani aliyeitangaza mwaka 1935. Njia hiyo hutumia iodini inayoungana na maji kwa kipimo kinachojulikana. Kwa mwenye duka, urea huanza kuvuta maji pale unyevu wa hewa unapofika robo tatu hivi. Gunia lililotoboka huganda kuwa jiwe. Kuchanganya urea na CAN ni kosa kubwa zaidi, kwani mchanganyiko huo hulowa hata kwenye hewa inayoonekana kavu.

Kinachohofiwa mpakani kimekwisha kuonekana. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi yalihusishwa na vifo hivyo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Siku chache baadaye iliondoa zuio, kwa masharti ya waingizaji kusajiliwa na kila shehena kuwa na cheti cha kipimo cha sumukuvu.

Kwa hiyo kipima unyevu hakitoshi. Mahindi yaliyoota kuvu kisha yakaanikwa yanaweza kusoma asilimia 12 na bado yakabeba sumu, kwa kuwa kukausha hakuiondoi. Kipimo cha sumukuvu hufanywa peke yake.

Nafasi ya kuzuia hasara iko Nakivale kabla lori halijapakiwa: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kupanga magunia juu ya chaga mbali na ukuta, na kuandika kipimo cha kila shehena mbele ya muuzaji na mnunuzi. Mali bila daftari huisha bila habari, na unyevu nao una haki ya safu yake kwenye daftari hilo.