Makro Inazugika, Waidi Haizugiki

Oya mwanangu, kama unakaa Mwanza, una kamera, na bado unapiga Jiwe la Bismarck kutoka palepale wanaposimama wote, na ileile 18-55 iliyokuja kwenye boksi, kausha kwanza tuongee. Mji una mawe, una ziwa, una wadudu wa kumwaga. Mungu kashamaliza kazi ya location. Kilichobaki ni kioo unachofunga mbele ya kamera, na hapo ndipo wana wengi wanapigwa.

Kitaa watu wanavimba na bodi. "Mi nina Canon." "Mi Nikon." Poa mzee baba, tumesikia, sasa tuonyeshe picha. Dingi usimuulize kabisa. Kwa dingi kamera kali ni ile kubwa, na picha kali ni ile inayoonyesha miguu. Umempiga potreti ya unyama, mwanga wa jioni unagonga shavu, anaitazama halafu anauliza: "Sasa miguu yangu umeipeleka wapi?" Viatu kapiga kiwi tangu asubuhi, lazima vionekane.

Sasa shika madini. Ukiwa na mkwanja wa lenzi moja tu, usinunue ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu; chukua waidi, ile inayomeza eneo pana. Makro inazugika. Waidi haizugiki.

Tuanze na makro. Canon 100mm f/2.8L ilitoka 2009 kwa zaidi ya dola 1,000. Hiyo hela unavuta boda iliyotembea, na boda kesho inakuletea hesabu. Kioo ni balaa, sikatai. Ila wewe ndo kwanza unaanza, utampiga sisimizi hadi lini?

Mchongo ni ringi za makro. Ni duara tupu, ndani hamna kioo hata kimoja, unaichomeka kati ya lenzi na bodi. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa, basi, na lenzi inakubali kufokasi karibu zaidi. Chukua fifti ya kinyonge, 50mm f/1.8 STM, weka ringi ya milimita 25: kitu kinakaa kwenye sensa kwa takriban asilimia 70 ya saizi yake halisi. Nenda Mwaloni Kirumba, omba dagaa mmoja wa juani. Kichwa peke yake kinakula theluthi ya fremu. Unaona jicho limezama, unaona punje ya mchanga imeng'ang'ania kwenye taya. Maza aliyekuuzia atakushangaa, "We mtoto unampiga picha dagaa?" Mwambie ndiyo, na miguu hana.

Ila tulia hapa, ndipo watu wanapolia. Kuna ringi za bei chee zisizo na zile pini za umeme. Ukiifungia hiyo fifti ya STM, imeisha hiyo: tundu la mwanga hulibadilishi, na fokasi hata ukizungusha kwa mkono haigusi, maana hiyo pete ya fokasi inategemea umeme wa kamera. Ongeza hela kidogo uchukue zenye pini. Na vile vioo vya kuskurubu mbele, vya +1 mpaka +10? Hiyo +10 inafanya pembeni kuyeyuka na kutoa rangi ya zambarau. Mpe mdogo wako achezee.

Kufokasi usihangaike na pete, sogea wewe mbele na nyuma kidogo kidogo. Kaa f/8 au f/11, maana kwa ukaribu huo sehemu iliyo kali ni nyembamba kinoma. Tundu likibana mwanga unapungua, kwa hiyo washa flashi, ila ifunike karatasi nyeupe isichome.

Mazoezi? Wale vidudu wa ziwani wanaopanda wingu zima mpaka unadhani maji yanaungua. Wazee watakwambia funga dirisha, zima taa. Wewe washa taa, tundika shuka jeupe ukutani, waje wenyewe wapange foleni. Modo wa bure, hawadai nauli, hawaombi "nitumie zote".

Halafu kuna bishoo wa mji, yule mjusi dume wa kwenye mawe, kichwa na mabega ya pinki, mwili wa bluu. Kisayansi anaitwa Agama mwanzae, jina la mji wetu kabisa, na watalii wanamwita Spiderman. Utamkuta Kapri Pointi, utamkuta Saanane, kile kisiwa kilichopewa hadhi ya hifadhi ya taifa 2013. Huyu fifti yenye ringi haimuwezi, ukimsogelea hivyo kashasepa. Weka ringi kwenye lenzi ya 55-250, mpige ukiwa mbali kidogo. Nenda asubuhi, bado anaota jua na mwili mzito.

Haya, waidi. Hapa hamna ringi ya kukuokoa. Eti rudi nyuma? Mwanza ukirudi nyuma unadondoka kwenye jiwe au unaingia ziwani. Nyumba za Mabatini zimepandiana mlimani, vichochoro vinabana, na 18 ya ile lenzi ya boksi haimezi.

Kwa Canon za sensa ndogo kuna EF-S 10-18mm STM. Ilitoka 2014 kwa dola 299, gramu 240, begani huisikii. Yule anayekuuzia ndoto za 16-35 f/2.8 muache na mbwembwe zake. Mawe hayakimbii, utapiga f/8 kamera ikiwa kwenye stendi, hiyo f/2.8 ya nini? Nikon wana AF-P 10-20mm ya 2017, ila angalia bodi yako kwanza, D3100 na D90 haziielewi. Na EF-S haiingii moja kwa moja kwenye Canon za fulufremu, usije ukalazimisha.

Ushamba mkubwa wa waidi ni kusimama mbali. Daraja la JP Magufuli, Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Wana wanalipiga kwa 10mm kutoka ng'ambo, linatoka uzi. Tafuta mtumbwi au jiwe, lisogelee mpaka karibu uliguse, daraja likae nyuma. Hapo picha inaongea. Kwenye harusi, anko mwenye kitambi usimweke pembeni ya fremu, atatoka mnene mara mbili. Na ukizidi kuiinamisha hiyo 10mm, miguu yako mwenyewe inaingia kwenye picha. Dingi hatimaye karidhika.

Waidi hiyo tafuta iliyotumika, ila kwa unyevu huu wa ziwa fangasi wanakula vioo kimyakimya. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, chungulia mbele. Ukiona vinyuzi vyeupe vinatambaa ndani, rudisha. Muuzaji akisema "hiyo vumbi tu bro", mwachie na vumbi lake, hela ibaki mfukoni.