Safarini kwa Ndege: Dirisha la Upande Gani?

Msafiri wa safari ndefu asichague dirisha kwa pupa. Aulize kwanza jua litakuwa wapi. Ndege itokayo Entebbe kwenda Ulaya huelekea kaskazini. Ikiondoka asubuhi, jua huwaka upande wa kulia. Baada ya adhuhuri huhamia kushoto. Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Herufi A ni dirisha la kushoto, ukitazama mbele. Aketiye juu ya bawa haoni nchi iliyo chini.

Hata hivyo, afya hutangulia mandhari. Kukaa saa nyingi bila kutembea kwaweza kugandisha damu miguuni. Basi mama mjamzito na mzee wapewe kiti cha kando ya njia, wapate kuinuka mara kwa mara. Dirisha waachiwe vijana.