Kichocho: ni maji yapi?

Juma lililopita nilikuwa sokoni Tunduma, na mama mmoja anayeuza mchele, baada ya kunitambua kwa sauti, akanivuta pembeni. Kijana wake wa darasa la nne anakojoa damu. Si mkojo wote, ni matone ya mwisho tu. Jirani mmoja amemwambia ni joto la bondeni. Mzee mwingine amecheka na kusema mtoto anakua huyo, awachwe tu. Zahanati wamemwambia ni kichocho.

Lakini swali la yule mama halikuwa juu ya dawa. Aliniuliza hivi: "Ni maji yapi, kaka mtangazaji? Maana sisi huku maji yenyewe tunanunua kwa ndoo."

Nikamuuliza likizo kijana alikuwa wapi. Kamsamba, kwa bibi yake, kusaidia majaruba.

Nimeona leo tulizungumzie swali hilo la mama, kwa sababu tumezoea kuhubiriwa habari za kichocho kana kwamba maji yote ni mamoja. Si mamoja. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na anayelala hapa mwezi wa sita anajua baridi yake. Ukishuka kuelekea Ziwa Rukwa unafika kwenye mita kama 800, kwenye joto, kwenye mito inayopunguza mwendo ikaribiapo ziwa, kwenye mifereji na majaruba ya mpunga. Ni mkoa mmoja wa Songwe, lakini kwa mdudu wa kichocho hizo ni nchi mbili.

Mdudu huyu hana njia ya kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu moja kwa moja. Mgonjwa akikojoa majini, mayai hupasuka na kutoa kijidudu ambacho hakina budi kumpata konokono, na si konokono yeyote, bali wa jamii fulani wanaoishi kwenye maji matamu yaliyotulia au yaendayo polepole, penye majani. Asipompata ndani ya siku moja hivi, anakufa. Akimpata, anazaana ndani yake, na baada ya majuma kama manne hadi sita konokono yule anaanza kumwaga majini vijidudu vyenye mkia, maelfu kwa maelfu. Hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya mguu wako kwa dakika chache tu. Huumwi, pengine utawashwa kidogo. Minyoo hukomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, miaka mitatu, mitano, hata zaidi, ikitaga kila siku. Mayai yenye mwiba ndiyo yanayochana kibofu na kuleta damu. Kuna na kichocho cha matumbo, ambacho mayai yake hutoka na choo kikubwa, na mwenendo wake ni huo huo.

Baridi huchelewesha kazi hiyo ndani ya konokono, ndiyo maana milima ina nafuu. Maji yaendayo kasi humsomba konokono. Kwa hiyo hatari haiko katika mto mzima. Iko pale kivukoni, pale akina mama wanapofulia, pale watoto wanapoogelea, ambapo mambo matatu yamekutana: mkojo wa mtu, konokono, na ngozi ya mtu mwingine. Hatua mia moja kutoka hapo huenda maji yakawa salama kabisa. Na saa nazo zina maana. Kwa kichocho cha kibofu, mayai hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na vijidudu navyo hutoka kwa konokono jua likiwa kali. Ndizo saa ambazo watoto wetu wako majini.

Sasa, serikali itajuaje kijiji kipi kina hatari kubwa na kipi hakina? Wataalamu wana njia zao. Huchukua mkojo wa watoto wa shule, huchuja mililita 10, kisha huhesabu mayai kwa darubini. Yakifika 50, mtoto huyo anahesabiwa kuwa na maambukizi makali. Huokota konokono mtoni, huwaweka kwenye vyombo vya maji safi mbele ya mwanga, waone nani anamwaga vijidudu. Kazi nzuri, lakini ya gharama na ya polepole.

Hapa Tanzania ndipo ilipojaribiwa njia nyingine, na ningependa tujivunie jambo hilo kuliko tufanyavyo. Wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1980, karatasi za maswali zilipelekwa mashuleni kupitia ofisi za elimu, kama zinavyopelekwa barua nyingine zozote. Walimu wakawauliza watoto magonjwa waliyougua, kichocho na kukojoa damu yakiwa miongoni mwa mengine. Baadaye wapimaji wakaja na vifaa vyao. Shule ambazo watoto wengi walikuwa wamejibu ndiyo, zilikuwa ndizo hizo hizo zenye ugonjwa mwingi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1991, na njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, pamoja na jirani zetu Zambia na Malawi. Swali la mwalimu lilifanya kazi ya kuchagua wapi darubini ianzie, kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kasoro yake ni haya. Mvulana atasema. Msichana hawezi kumwambia mwalimu wa kiume mbele ya wenziwe kwamba anaona damu, na akisema, watu wana tafsiri nyingine tayari. Kwa wanawake mayai ya kichocho hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, huleta vidonda, kutokwa uchafu, damu, maumivu wakati wa kujamiiana, pengine ugumba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika wana hali hiyo. Wangapi kati yao wametibiwa ugonjwa wa zinaa wasiokuwa nao, na wangapi wamefukuzwa na waume zao? Katika mji wa mpakani kama Tunduma, wenye foleni za malori na maneno mengi, mke mwenye dalili hizo hapewi nafasi ya kueleza kuwa alipandikiza mpunga. Zaidi ya hayo, tafiti za vijijini karibu na Mwanza zimeonyesha uhusiano kati ya kichocho na virusi vya UKIMWI kwa wanawake, ingawa tafiti za kwingine hazikukubaliana zote.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Mtoto hupimwa urefu kwa kijiti chenye alama, apewe idadi ya vidonge inayolingana. Inaua minyoo iliyokomaa, lakini haiui michanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho akirudi kivukoni. Na itolewe mtu akiwa ameshiba. Mwaka 2008 mkoani Morogoro baadhi ya watoto walimeza wakiwa na njaa, wakatapika na kupata kizunguzungu, uvumi ukaenea kwamba wanapewa sumu, wazazi wakavamia shule. Sioni sababu ya kuwacheka wazazi wale. Hakuna aliyekuwa amewaeleza vya kutosha.

Kwa miaka mingi vidonge vimekwenda hasa kwa watoto wa shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia miaka 2. Kwangu mimi hilo limechelewa. Mkulima wa majaruba anasimama majini mchana kutwa, hayuko shuleni, na mkojo wake unaingia humo humo.

Wenzetu wa Unguja na Pemba walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2012 dawa ilitolewa kwa jamii nzima mara mbili kwa mwaka. Sehemu nyingine madimbwi yakatiwa dawa ya kuua konokono, na nyingine watu wakafundishwa na kujengewa mahali pa kufulia nguo mbali na mto. Ugonjwa ulishuka hadi asilimia chache tu. Haukwisha, na palipolegezwa ulianza kurudi.

Basi nilimjibu yule mama hivi. Maji ni yale ya bondeni, na kijana anaweza kwenda tena kwa bibi yake. Maji ya kuoga yachotwe, yakae kwenye pipa siku mbili, maana vijidudu visipompata mtu vinakufa ndani ya muda huo. Au yachemshwe. Jarubani avae mabuti ya mpira, kama yanapatikana, na yeyote anayelima humo asikojoe humo. Mengine ni ya kijiji: choo karibu na mashamba, na kisima karibu kuliko mto.

Kisha nikamuuliza kama kijana alikwenda peke yake. La, alikwenda na dada yake wa miaka kumi na mitatu. Dada hajasema kitu. Mama alinyamaza kidogo, akafunika mchele wake kwa turubai, akamwomba jirani amwangalizie meza.