Umeme wa Joto la Jua na Bei Yake

Ndugu wanafunzi wa Mbeya na Iringa, wekeni tarehe katika madaftari. Aliyesahau kalamu na aazime kwa jirani yake, maana leo kuna hesabu, na hesabu ya bei ya umeme haifai kufanywa kichwani.

Mama mmoja wa darasa la Pawaga alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwalimu, huku kwetu jua ni kali tangu Mei mpaka Novemba. Linakausha mpunga, linakausha mto, linatukausha na sisi wenyewe. Kwa nini lisitupe umeme? Na likitupa, tutaununua kwa bei gani?" Nikamjibu, "Mama, hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo gumu." Basi somo la leo ni la mama huyo.

Tuanze na swali jepesi. Wengi wetu tulipokuwa watoto tulichukua miwani ya babu ya kusomea, tukaielekeza juani juu ya nyasi kavu. Nukta ndogo nyeupe ikatokea, nyasi zikafuka moshi, na babu akatuchapa. Nukta ile ndiyo siri yote. Jua lililotawanyika juu ya kioo chote limekusanywa mahali padogo, nalo linaunguza.

Lakini tusichanganye mambo. Sola tunazoziona juu ya mabati hazitumii joto. Zile hugeuza mwanga moja kwa moja kuwa umeme, na joto likizidi hata hufanya kazi vibaya kidogo. Mtambo ninaousema leo ni wa namna nyingine. Vioo vingi huelekezwa mahali pamoja, joto lake huchemsha maji, mvuke huzungusha gurudumu la mapanga, na gurudumu hufua umeme. Kuanzia kwenye mvuke kazi ni ile ile ya mtambo wa makaa ya mawe. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kinachochomwa.

Wala jambo hili si geni Afrika. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, Mmarekani aitwaye Frank Shuman alijenga vioo vitano vilivyokunjwa mfano wa hori la kulishia ng'ombe, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 62 hivi. Bomba lilipita katikati ya hori, maji yakachemka, na mvuke ukaendesha pampu ya kuvuta maji ya mto Nile kumwagilia mashamba. Mwaka uliofuata vita ikaanza, vita ile ile iliyowabebesha babu zetu mizigo katika nchi hii, na kazi ya Shuman ikaachwa. Baada ya hapo mafuta yakawa rahisi, na kwa miaka mingi watu wachache tu walikumbuka vioo vile.

Leo mitambo mikubwa ya namna hii barani kwetu iko Moroko na Afrika ya Kusini. Ule wa Moroko uko Ouarzazate, ukingoni mwa jangwa. Sehemu ya kwanza, Noor I, ilifunguliwa mwaka 2016 nayo ina megawati 160, pungufu kidogo ya mtambo wetu wa maji wa Kihansi wenye megawati 180. Baadaye zikaongezwa sehemu mbili: moja ya megawati 200 yenye vioo vya hori, na nyingine ya megawati 150 yenye mnara wa karibu mita 250, ambao vioo maelfu vilivyo chini huuangaza kileleni.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo thamani ya mtambo huu ilipo. Jua huzama, lakini joto laweza kuwekwa akiba. Pale Ouarzazate kuna matangi makubwa ya chumvi. Si chumvi ya mboga. Ni ya jamii ya zile zinazotumika katika mbolea. Mchana chumvi hiyo, iliyokwisha kuyeyushwa kuwa majimaji, hupashwa moto zaidi, na katika mtambo wa mnara hufika nyuzi 565, wakati maji ya chai huchemka kwa nyuzi 100. Usiku joto lake hutumika kuchemsha maji. Mama zetu wanaifahamu kazi hii: jioni hufukia kigogo chenye moto ndani ya majivu, na alfajiri hukikuta bado kina uhai. Akiba ya Noor I hutosha saa tatu, na ya zile sehemu mbili nyingine hufika kama saa saba. Nisiwafiche, chumvi hii ina matata yake. Mwaka 2024 tangi la mtambo wa mnara lilivuja, ukasimama kwa muda mrefu.

Je, kwetu wafaa? Hapa nchini mtambo wa namna hii wa kuuza umeme haujajengwa. Kioo cha kukusanya jua kinataka jua tupu, lisilo na wingu wala ukungu. Siku ya mawingu sola ya kawaida hupata chochote kidogo, lakini kioo hakipati kitu, maana mwanga uliotawanyika haukusanyiki. Kwa hiyo ndugu zetu wa Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba, watusamehe. Mufindi nako kuna ukungu. Mahali pa kutazama ni Isimani, Pawaga, na nyanda za Usangu wilayani Mbarali.

Lakini hapo hapo tunakutana na shida ya maji. Mvuke ukishafanya kazi lazima upozwe, na ukipozwa kwa maji mtambo wa hori hutumia karibu lita tatu kwa kila uniti moja ya umeme. Uniti moja ni nini? Ni taa kumi za wati 100 zikiwaka kwa saa moja. Nanyi mwaujua mto Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, na maji yake ndiyo yanayotegemewa na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Kuchota maji ya Ruaha kupozea mtambo Usangu, kisha Mtera ikose maji ya kufulia umeme, ni kumvua mtoto shati ili kumvika ndugu yake. Iko njia ya kupoza kwa upepo, na Moroko waliitumia katika sehemu mbili za mwisho. Ni ghali zaidi na hupunguza umeme kidogo. Kwetu sisi, nionavyo, hiyo ndiyo ingekuwa sharti la kwanza.

La ardhi nalo si dogo. Noor I peke yake imechukua zaidi ya hekta 450, yaani zaidi ya ekari 1,100. Watu wa Usangu hawajasahau mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa na mifugo yao ili kulinda maji. Mtu akija na karatasi za mtambo, kijiji kiulize mapema ni ardhi ya nani.

(Mwalimu wa darasa, simama hapa. Waulize wanafunzi: kwa nini Tukuyu hapafai?)

Tuendelee na bei. Hapa nchini mwenye kazi ya kupanga bei za umeme ni EWURA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Hupima madai ya pande mbili. Aliyejenga anataka arudishe mkopo. Mnunuzi anataka taa asikose unga.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Mufindi. Mtambo mdogo wa maji wa Mwenga, wenye megawati 4, ulianza kazi mwaka 2012. Unahudumia viwanda vya chai na vijiji, na umeme unaobaki unauziwa TANESCO. Kwa wazalishaji wadogo walioungwa na gridi ya taifa, bei ya mwaka ule ilikuwa mbili. Kuanzia Agosti mpaka Novemba TANESCO ililipa shilingi 183.05 kwa uniti. Miezi mingine ililipa shilingi 137.29. Kwa nini? Kwa sababu kiangazi mabwawa yalipungua, na TANESCO ililazimika kuwasha mitambo ya mafuta, ambayo ni ghali. Anayeleta umeme wakati huo anaokoa fedha nyingi zaidi, basi alipwe zaidi. Mimi nilikuwa chuoni mwaka 2011, mwaka wa mgawo mkali wa umeme. Tulisoma kwa mishumaa, na kinyozi wetu alirudi kwenye mkasi. Uniti moja ya Oktoba mwaka ule ilikuwa na thamani kubwa kuliko uniti ya Aprili.

Tazameni sasa jinsi jua linavyoingia hapo. Miezi ambayo mto umekonda ndiyo miezi ambayo mbingu ya Isimani haina wingu. Bei ya namna ile ingempendelea mwenye vioo bila upendeleo wowote.

Afrika ya Kusini walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2013 waliweka bei kufuata saa. Mitambo ya joto la jua ililipwa bei ya kawaida mchana. Toka saa kumi na nusu alasiri mpaka saa tatu na nusu usiku ililipwa mara 2.7 ya bei hiyo. Na usiku wa manane haikulipwa kitu. Hivyo wajenzi wakawa na sababu ya kuweka matangi ya akiba, maana jioni ndipo watu wanapopika na kuwasha taa. Mimi naona mpango huo una akili, kwa kuwa unalipia kile kinachohitajika, si jina la mtambo.

Lakini kiasi chenyewe ni kikubwa. Noor I ilikubaliwa mwaka 2012 kwa dirhamu 1.62 kwa uniti, kama senti 19 za dola, karibu shilingi 300 za wakati ule. Linganisheni na zile 183. Jua halina bei, lakini vioo hununuliwa kwa mkopo, na mkopo una riba. Moroko walipata mikopo nafuu, na hata hivyo wakala wa serikali hununua umeme huo kwa bei kubwa na kuuza kwa bei ndogo. Pengo hujazwa na serikali.

Sisi je, pengo angelijaza nani? Kwa bei za mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, aitwaye D1, alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti iliyozidi. Mteja wa kawaida, T1, alilipa 292. Maana yake anayetumia zaidi humsaidia anayetumia kidogo, na hilo mimi naliona ni haki. Likijazwa na hazina ya serikali, basi hulipwa hata na yule asiye na nguzo kijijini kwake, kwa kodi ya sabuni anayonunua. Hilo siliiti haki.

Na pengo likiachwa wazi? Mwaka 2020 vituo vidogo vya binafsi, vingine vikiuza uniti moja zaidi ya shilingi 3,000, viliagizwa viuze kwa 100 kama TANESCO vijijini. Wateja walishangilia, nami nisingewalaumu. Lakini wajenzi wakasita kujenga vipya. Kwa upande mwingine, mwishoni mwa 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5 kwa TANESCO, na serikali ikalizuia kabla halijaanza. Mnunuzi alipumua, lakini gharama hazikupungua.

Kwa hiyo nikimjibu mama wa Pawaga leo, nitamwambia tusikimbilie mnara. Sola za kawaida zimekuwa rahisi sana kwa umeme wa mchana, betri nazo zinashuka bei, na Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilisha mashine zake zote tisa mwaka 2025. Joto la jua laweza kuanza kwa kazi ndogo isiyohitaji gurudumu. Huko Shirdi, India, jiko la hekalu hupikia maelfu ya watu kwa mvuke wa vioo. Shule za bweni zinazopikia kuni huzifuata mbali.

Kazi ya nyumbani. Kwanza: mteja wa D1 alitumia uniti 90 kwa mwezi mmoja. Kwa bei za 2016, bila kodi, alilipa shilingi ngapi? Pili: mtambo mdogo uliuza uniti 1,000 mwezi Aprili na 1,000 mwezi Oktoba, kwa bei za 2012. Tofauti ya malipo ni shilingi ngapi? Andikeni njia, si jibu tu. Kwaherini.