Fedha za Kulungu Huingia Kabla ya Risasi

Jimboni Wisconsin, Marekani, msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni wa siku tisa tu. Hufunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na watu zaidi ya nusu milioni hukata leseni kwa ajili yake. Mfanyabiashara anayezitegemea siku hizo tisa peke yake hafiki mbali. Wanaodumu huuza Machi, Juni na Agosti, wakati bunduki zimefungiwa kabatini.

Kalenda yao huipanga mnyama mwenyewe. Kulungu wa mkia mweupe si yule kulungu wa misitu yetu, ambaye pembe zake hazimtoki maisha yake yote. Dume wa kule huangusha pembe zake za matawi wakati wa baridi, kisha huota nyingine kuanzia Aprili hadi Agosti. Theluji ikiyeyuka, watu huingia msituni kuziokota. Mwindaji akiokota pembe amepata habari: dume huyu ameuvuka msimu salama, na hapa ndipo anapopita. Pembe zenyewe huuzwa kwa uzito, nyingine kwa watengeneza mipini ya visu, nyingine zikakatwa vipande vya kutafunwa na mbwa wa nyumbani.

Baada ya hapo ni kilimo. Mwenye ardhi, au aliyeikodi kwa ekari kwa mwaka, hupeleka udongo kupimwa maabara, hununua chokaa, kisha mbegu za klova. Kiangazi kikielekea ukingoni huongeza tanipu na ngano ya baridi. Shamba zima, na mavuno yote ni ya kulungu. Muuza mbegu hapo amepata mteja ambaye hajali bei ya mahindi sokoni. Texas, ambako ardhi karibu yote ni mali ya watu binafsi, wafugaji wa ng'ombe hukodisha haki ya kuwinda na kupata mapato ya pili katika malisho yale yale.

Lakini kilichoibadilisha biashara hii zaidi ni kamera ya msituni. Hufungwa mtini, huhisi joto la mwili unaopita, hupiga picha, na yenye laini ya simu huituma hapo hapo hadi mjini. Kamera hununuliwa mara moja, kifurushi hulipiwa kila mwezi. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa faida iko wapi.

Hapa ndipo ninapoona kasoro. Mwanzoni mwa karne ya 20, uwindaji wa kuuza nyama na ngozi ulikuwa umewapunguza kulungu wa Marekani hadi wakakadiriwa kuwa kama laki tano. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ina sehemu yake katika mafanikio hayo: bunduki ndefu na risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11 kwa mtengenezaji, pinde zikaongezwa baadaye, na fedha hizo hugawiwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Kamera hazimo. Mbegu hazimo, wala viti vya kupandia mitini, wala ukodishaji wa ardhi. Biashara ya miezi isiyo ya kuwinda inanenepa nje ya mfuko uliomrudisha mnyama anayeilisha. Ningekuwa mbunge kule, ningeanza na kamera.

Fedha hizo zinahitajika sasa. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967, na Wisconsin ukathibitishwa mwaka 2002. Hauna tiba wala chanjo. Huenea kwa mate na mkojo, na kisababishi chake hukaa udongoni miaka mingi. Ndiyo maana katika wilaya nyingi za Wisconsin ni marufuku kuwawekea kulungu chakula na chumvi. Yapo maduka yanayoishi kwa mifuko hiyo ya chumvi, na nayahurumia, ila kuwakusanya wanyama kwenye bonge moja la kulamba ni kuusambaza ugonjwa kwa bei ya rejareja.

Novemba, mwindaji wa Wisconsin hupeleka kichwa cha kulungu wake kupimwa bila kulipa chochote. Gharama hubebwa na fedha za umma. Kamera iliyomwonyesha dume huyo tangu Julai haikutia hata senti moja kwenye mfuko ule wa 1937.